Madarasa Yalivyopangwa Uganda, na Hesabu ya Watoto Wetu

Katika toleo hili la kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, kamati imeona vema kueleza jambo linaloulizwa karibu katika kila mkutano wa wazazi: kwa nini shule moja hujengewa vyumba vipya, na nyingine yenye watoto wengi zaidi hubaki na turubai? Jibu limo katika historia ya nchi hii iliyotupokea.

Wengi wetu twatoka Kongo, ambako kwa miaka mingi wazazi ndio waliomlipa mwalimu, hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi ya bure mwaka 2019. Uganda nayo ilipita njia hiyo. Baada ya vurugu za miaka ya 1970 na 1980, wazazi ndio waliozibeba shule: walitoa michango, walifyatua matofali, walinunua mabati. Serikali ilitenga ruzuku kwa kila mwanafunzi, lakini uchunguzi wa shule 250 uliofanywa mwaka 1996 ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 ni asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo iliyofika shuleni. Nyingine iliishia njiani. Tena uchunguzi huo uligundua kwamba idadi ya wanafunzi katika shule hizo iliongezeka kwa asilimia 60, na huku takwimu za serikali zilionyesha kwamba haikuongezeka. Yaani aliyekaa ofisini akipanga vyumba, aliwapangia watoto ambao hakujua wako wangapi.

Serikali ilichukua hatua ambayo sisi twaipenda kwa urahisi wake. Fedha zilizotumwa wilayani zilitangazwa magazetini, na kila shule ikatakiwa kubandika ukutani kiasi ilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika shuleni. Si tangazo peke yake lililofanya kazi hiyo, lakini mzazi anayeweza kusoma tarakimu ukutani si mtu wa kudanganywa kirahisi.

Januari 1997 elimu ya msingi ya bure ilianza, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia. Wanafunzi waliokuwa kama milioni 3 wakapita milioni 5 katika mwaka mmoja. Watoto walisomea chini ya miti na makanisani. Mwaka huo huo Sheria ya Serikali za Mitaa iliziachia wilaya shule za msingi, na kuanzia 1998 zikaletewa ruzuku maalumu ya majengo: vyumba vya madarasa, vyoo, nyumba za walimu na madawati. Sehemu ya fedha ilitokana na msamaha wa madeni ya nje. Afisa elimu na halmashauri ya wilaya walilazimika kuchagua shule zenye shida kubwa zaidi, na uchaguzi huo ulitegemea orodha. Shule isiyo na orodha sahihi haikuwa na cha kuonyesha.

Na sisi wakimbizi? Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi haki sawa na raia katika elimu ya msingi. Hata hivyo, kwa muda mrefu shule nyingi za kambini zilijengwa kwa fedha za mashirika, na mradi ulipokwisha mwalimu naye aliondoka. Desemba 2017 nchi za kanda zilikubaliana huko Djibouti kuwaingiza wakimbizi katika mipango ya elimu ya taifa, na Septemba 2018 Uganda ikazindua mpango wa elimu kwa wakimbizi na wenyeji pamoja. Tangu hapo mtoto wetu anastahili kuwamo katika hesabu ya wilaya, si katika daftari la shirika tu.

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai, na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Hesabu inayopelekwa mwezi Mei imeshachelewa. Kwa hiyo tunawaomba walimu wakuu na wafanyakazi wa mashirika watupatie nakala za orodha za kila darasa kabla ya muhula wa tatu kwisha, wasichana na wavulana mbalimbali, pamoja na idadi ya mashimo ya vyoo yanayotumika. Wazazi wenye watoto ambao bado hawajaandikishwa wafike kwa mwenyekiti wa kijiji chao.