Mchuuzi, Tajiri na Yule wa Katikati: Historia ya Majina ya Biashara Ndogo

Mfasiri anayekabidhiwa waraka unaohusu biashara ndogo na za kati aghalabu huiona kazi hiyo kuwa nyepesi, kwani maneno yote mawili, ndogo na kati, ni ya kila siku. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba majina ya shughuli hizi yana historia nzito, hasa hapa Tanzania. Mara nyingi jina alilopewa mwenye biashara ndilo lililoamua kama atapata leseni na mkopo, au atapewa amri ya kuhama.

Tuanze na maneno ya zamani. Tajiri, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mfanyabiashara tu. Waswahili ndio waliomwongezea maana ya mwenye mali nyingi, kisha maana ya bwana aliyemwajiri mtu. Bepari nalo lilikuja kutoka Bara Hindi likiwa na maana iyo hiyo ya mfanyabiashara. Chini yao alikuwapo mchuuzi, auzaye rejareja, leo samaki, kesho nazi. Msomaji ataona kuwa juu yupo tajiri na chini yupo mchuuzi, na hapo kati hapana jina. Tunathubutu kusema kuwa pengo hilo halikutokana na umaskini wa lugha. Wakati wa ukoloni biashara kubwa ya Tanganyika ilikuwa mikononi mwa makampuni ya Wazungu na ya Waasia, na zilikuwapo sheria zilizomzuia Mwafrika kukopeshwa kama wengine. Mchuuzi aliyetaka kutoka kwenye genge hadi kwenye duka la jumla alikuta ngazi imekatwa. Waliosimama katikati walikuwa wachache mno hata wasihitaji jina lao wenyewe.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na neno bepari likamaliza safari yake. Neno lililokuwa la mtu auzaye na kununua likawa jina la mfumo mzima unaopingwa, yaani ubepari, likifuatana na unyonyaji. Hapo swali gumu likazuka: je, mwenye duka la kijijini mwenye msaidizi mmoja ni mnyonyaji au ni mfanyakazi? Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, jibu lilitolewa kwa vitendo. Maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Operesheni hiyo haikudumu, kwani katika vijiji vingi duka la zamani lilifungwa kabla la ushirika halijawa na bidhaa wala watu wa kuliendesha.

Lakini tusisahau kuwa miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1973, Serikali iyo hiyo ilikwisha kuunda kwa sheria shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambalo wengi hulifahamu kwa kifupisho chake, SIDO. Jambo hili lastahili kutazamwa vizuri na watu wa istilahi. Seremala, mhunzi na mshona viatu waliingizwa katika kiwanda kidogo, jina la heshima. Auzaye meza ya seremala huyo hakupata jina la namna hiyo. Udogo haukuwa kosa. Kosa lilikuwa katika neno biashara.

Mwaka 1983 majina yalizidi kuwa makali. Katika kampeni dhidi ya uhujumu uchumi, mlanguzi na mhujumu yalikuwa maneno ya kila siku redioni na magazetini, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya nguvukazi. Chini ya sheria hiyo, mtu wa mjini ambaye shughuli yake haikutambuliwa aliweza kuhesabiwa pamoja na wazururaji. Kilichotushangaza tulipokuwa tukifuatilia habari hizi ni kwamba neno lile lile lililomfukuza mchuuzi baadaye lilimkinga: kwa miaka mingi leseni ya wafanyabiashara wadogo iliitwa leseni ya nguvukazi.

Wakati huohuo wataalamu wa uchumi walikuwa na istilahi yao. Keith Hart, aliyefanya utafiti wake nchini Ghana, aliitoa mwaka 1971, na mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ikaieneza. Kwa Kiswahili tumeiita sekta isiyo rasmi. Tafsiri ni sahihi, lakini haituridhishi. Inamtaja mtu kwa kile alichokikosa, na inamtazama kutoka dirishani mwa ofisi. Mafundi wa Nairobi waligonga mabati na masufuria bila paa juu yao, na kazi yao ikaitwa jua kali. Mwaka 1992 Serikali ya Kenya iliyaweka maneno hayo katika kichwa cha waraka wake wa sera. Hapa kwetu jina lililopanda kutoka barabarani ni machinga, ambalo kwanza ni la watu wa kusini, pande za Lindi. Jina la kabila likawa jina la kazi, na sisi hatulifurahii.

Baada ya mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986, mjasiriamali, neno lililoundwa kwa jasiri na mali, lilisafisha sifa ya watu hawa wote. Tatizo lake ni kuwa limekuwa mwavuli mpana mno. Vitambulisho vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayakufika milioni 4 kwa mwaka, vililazimika kuongeza neno: wajasiriamali wadogo.

Turudi basi kwa yule wa katikati. Sera ya mwaka 2003 ilimpa makadirio: biashara ndogo sana ina wafanyakazi 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, ndogo ina 5 hadi 49 na mtaji hadi milioni 200, ya kati ina 50 hadi 99 na mtaji hadi milioni 800. Lakini kwa Kiswahili sera hiyo hutajwa kama ya viwanda vidogo na biashara ndogo. Yule wa kati ameanguka njiani, kama alivyoanguka zamani.

Na akitajwa, hueleweka vibaya. Mkulima wa korosho au pamba akisikia mfanyabiashara wa kati, humfikiria mtu wa kati, yaani dalali anayesimama baina yake na mnunuzi, ambaye mara nyingi analaumiwa kwa bei mbaya. Wapo wanaopendekeza biashara ya wastani, lakini wastani ni neno la hesabu, tena hudokeza kitu kisicho kizuri wala kibaya. Sisi twaona afadhali biashara ya ukubwa wa kati, ijapokuwa ni ndefu. Katika fomu za mikopo na za kodi, idadi ya wafanyakazi na kiasi cha mtaji viandikwe kando ya istilahi hiyo inapotajwa mara ya kwanza, ili mwenye karakana ya watu sitini ajue ni yeye anayesemwa.