Samaki wa mapambo waliotelekezwa: Usafi wa haraka huwaua

Na Mwandishi Wetu

MARA nyingi tangi la samaki wa mapambo hubadili mmiliki kwa njia ile ile. Familia inahama mji, ofisi inafungwa, au mtoto aliyelililia tangi hilo amekwenda shule ya bweni, na jirani mwenye huruma anakubali kulichukua. Maji yamekuwa ya njano, vioo vimefunikwa na mwani, na samaki wachache waliosalia wamejibanza pembeni wakiwa wamekunja mapezi.

Mmiliki mpya, kwa nia njema kabisa, humwaga maji yote siku hiyo hiyo, huosha changarawe na kichujio kwa maji ya bomba, kisha hujaza maji mapya yanayong'ara. Baada ya siku moja au mbili samaki wanaelea juu, wamekufa. Wengi huhitimisha kwamba samaki hao walikuwa wagonjwa mno. Ukweli ni kwamba, mara nyingi, kilichowaua ni usafi wa ghafla.

Kinachotokea ndani ya maji

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula na kinyesi huongeza sumu hiyo. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye kichujio na changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Katika tangi jipya bakteria hao huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kuongezeka na kutosheleza kazi hiyo.

Hata hivyo, kazi hiyo huzalisha asidi. Tangi likikaa miezi kadhaa bila kubadilishwa maji, kipimo cha pH, ambacho kwa maji yasiyo na asidi wala alkali huwa 7, huweza kushuka hadi 6 au chini yake. Katika hali hiyo bakteria hudhoofika na amonia hulundikana, lakini karibu yote huwa katika umbo la amoniamu, ambalo sumu yake ni ndogo. Maji mapya yakimiminwa kwa wingi, pH hupanda na amoniamu hugeuka kuwa amonia kali. Kipimo kikipanda kutoka 6 hadi 7, kiasi cha sumu hiyo huongezeka takriban mara 10. Wakati huo huo klorini ya maji ya bomba huunguza matamvua na kuua bakteria waliosalia.

Hivyo basi, samaki aliyezoea maji machafu kidogo kidogo hana budi kuzoeshwa maji safi kidogo kidogo.

Pima kabla ya kugusa

Jambo la kwanza ni kupima pH, amonia, nitriti na nitrati kwa vipimo vinavyouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Iwapo pH iko chini sana, badilisha asilimia 10 tu ya maji kila siku au kila baada ya siku mbili, kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Iwapo pH ni 7 au zaidi na amonia imeonekana, hatari tayari ipo, hivyo maji yabadilishwe kwa kiasi kikubwa zaidi, kuanzia robo hadi nusu.

Maji mapya yaondolewe klorini kwa dawa maalumu na yawe na joto sawa na ya tangi. Kuyaacha wazi kwa saa 24 husaidia, lakini si pale ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa urahisi.

Wakati wa kuhamisha tangi, chukua maji ya zamani kadiri iwezekanavyo, na kichujio kibaki kimelowa maji hayo hayo. Kikizibwa na uchafu, kisuuzwe ndani ya maji ya tangi, kamwe si bombani. Aidha, pampu ya hewa iwashwe tangu siku ya kwanza, kwani samaki aliyeumia matamvua huhitaji oksijeni zaidi.

Chakula na dawa

Huruma nyingine inayoua ni kuwashibisha samaki waliokonda. Chakula kisicholiwa huoza na kuwa amonia. Siku ya kwanza wasilishwe, kisha wapewe kiasi wanachoweza kumaliza ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku.

Mapezi yaliyoliwa na bakteria mara nyingi huota upya maji yakitengemaa, bila dawa yoyote. Nitriti ikiwa juu, chumvi gramu 1 kwa lita, iliyoyeyushwa kwanza pembeni, hupunguza sumu hiyo kuingia kwenye damu. Antibiotiki zisitumiwe ovyo, kwa sababu zinaweza kuua pia bakteria wa kichujio. Samaki hawa wasichanganywe na wengine kabla ya wiki 4 kupita.

Ni vyema pia kujua asili ya samaki. Spishi nyingi za mapambo hutoka Ziwa Tanganyika, ambalo pH yake ni kati ya 8 na 9. Hao huathirika zaidi na tangi lililogeuka kuwa la asidi, lakini nao warejeshwe polepole.

Pale inaposhindikana

Si kila samaki huokoka. Anayelala ubavu kwa siku kadhaa bila kula, asitupwe chooni angali hai, wala asiachiwe mtoni, ambako anaweza kueneza magonjwa. Mafuta ya karafuu, ambayo wataalamu hutumia kuwapa samaki usingizi, kwa kipimo kikubwa humaliza mateso yake bila maumivu makali.

Lakini anayepona huweza kuishi miaka mingi kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Uingereza, samaki wa dhahabu aliyeitwa Tish, aliyepatikana kama zawadi ya mchezo katika maonyesho ya burudani mwaka 1956, alikufa mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 43. Kwa mnyama wa aina hiyo, wiki chache za subira si gharama kubwa.