Kutembea msituni na watoto: kutoka Lamu hadi bonde la Mto Tana

Visiwa vyetu havina mto. Maji ya kunywa ya mji wa Lamu yatoka visimani chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na mtoto aliyekulia Langoni, Matondoni au Faza anajua maji kujaa na maji kupwa kabla hajajua kusoma saa. Mikoko anaijua pia. Asichokijua ni msitu wa mtoni, ule wa miti mirefu inayofunika jua na mto unaopita katikati yake. Na huku mto mrefu kuliko yote Kenya unaingia baharini Kipini, jirani yetu wa karibu upande wa kusini.

Mara kwa mara wasomaji huuliza ni wapi familia inaweza kwenda kutembea kwa miguu bila kusafiri hadi Nairobi. Makala haya yanahusu bonde la chini la Mto Tana, hasa ile hifadhi ambayo wengi wetu huipita barabarani bila kugeuza shingo. Mwishoni tumetaja pia pahali pengine kwa wenye watoto wadogo sana.

Tuanze na jina, kwa sababu linapotosha. Watu huiita hifadhi ya nyani ya Mto Tana, na mtoto akisikia nyani hudhani anapelekwa kutazama wale wezi wa mahindi. Nyani wapo, na tumbili wapo, lakini hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1976 kwa ajili ya wanyama wengine wawili ambao hawapatikani pahali pengine popote duniani. Wa kwanza ni mbega mwekundu wa Tana. Huyu hukaa juu ya miti, hula majani, na tumbo lake lina vyumba kama la mbuzi ili aweze kuyasaga. Mtazame mkono: dole gumba karibu halipo. Wa pili ni mangabei wa Tana, mwenye kishungi kichwani na mkia anaouinua akitembea. Huyu hupenda chini, akipekua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu. Wote wawili wamo katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka, na makadirio huweka kila aina karibu na 1,000 tu. Ndugu zao wa mbali wako Tanzania. Wazanzibari wana kima punju wa Jozani, na milima ya Udzungwa ina mbega wake na mangabei wake. Wa kwetu ni hawa.

Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 169 hivi, kaskazini ya Garsen ukielekea Hola, lakini msitu wenyewe ni sehemu ndogo ya eneo hilo. Hapa ndipo pana jambo la kumweleza mtoto mnapotembea. Nchi ile ni kavu. Ukitoka ukingoni mwa mto ukatembea kilomita moja au mbili, miti mirefu inakoma ghafla na unaingia katika vichaka vya miiba. Msitu unaishi kwa maji ya mto yanayopenya chini ya ardhi, na kwa mafuriko ya masika na vuli yanayomwaga udongo mpya kingoni. Mto nao hautulii. Huhama njia, ukaacha nyuma vidimbwi vyenye umbo la mundu, na msitu wa upande ulioachwa hufa polepole huku mwingine ukianza upande wa pili. Ndiyo maana msitu wa Tana si mmoja. Ni vipande vipande, na mbega asiyependa kushuka chini hana namna ya kuvuka shamba au uwanda kwenda kipande cha jirani.

Mambo mawili yameubana msitu huo. Kwanza ni mabwawa ya umeme juu mtoni: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Taa zetu zinawaka kwa sehemu kutokana nayo, na hatuwezi kujifanya hatuna faida. Lakini mafuriko ya kawaida yalipungua, na miti michanga inayohitaji udongo mpya ilipungua vilevile. Pili ni mashamba na ukataji. Wapokomo wamelima kingo hizi tangu enzi, wakifuata maji yanapopanda na kushuka, na Waorma hushusha ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi. Mtu asiwatazame kama wavamizi. Walikuwapo kabla ya ramani ya hifadhi. Mradi mkubwa wa miaka ya 1990 uliopitia Benki ya Dunia ulikwama kwa kiasi kikubwa katika suala la nani ahamishwe na apewe nini. Kwa maoni yangu, mgeni anayelala kijijini, akala wali wa pale na akamlipa kijana wa pale amwongoze, anaufaa msitu huo kuliko mabango mengi. Jozani walilielewa hilo mapema, na sehemu ya pesa za langoni huenda kwa vijiji vya jirani.

Mti wa kumwonyesha mtoto ni mkindu. Mama zetu wanaujua kwa ukindu wa mikeka. Kule Tana mbegu zake ni chakula kikubwa cha mangabei, kwa hiyo mkindu unaokatwa kwa kuezekea au kugemwa tembo ni sahani inayoondolewa mezani kwa mnyama yule. Mkuyu nao hauna haja ya kuelezwa. Ukikuta mkuyu wenye matunda mabivu, kaeni kimya chini yake robo saa na wenyewe watakuja.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Lamu mnavuka kwa boti hadi Mokowe, kisha barabara ya Hindi na Witu hadi njia panda ya Minjila karibu na Garsen. Barabara hiyo sasa ni ya lami, ingawa mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliikata na kuwaacha wasafiri wamekwama. Kabla ya kuondoka, ulizeni hali ya usalama na ya barabara kwa polisi au ofisi za serikali, si kwa dereva anayetafuta abiria. Njia hii imewahi kuwa na vipindi vibaya na hakuna aibu kuahirisha. Msijaribu kwenda na kurudi siku moja mkiwa na watoto. Laleni Garsen au Hola, muingie msituni alfajiri.

Hifadhi iko chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS), na ada hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, ambako raia na watoto wana viwango vyao. Lipeni mkiwa bado mjini, maana simu haishiki kila mahali. Wasilianeni nao pia kabla ya kufika ili mpate askari au mwongozaji. Hapa si bustani yenye vibao na mabenchi, na familia isiingie peke yake.

Wakati ni jambo linalowakosesha wengi. Likizo ya Aprili huangukia masika, na ya Novemba na Desemba hukutana na vuli na matope yake. Likizo ya Agosti ndiyo inayofaa: ardhi imekauka, mbu wamepungua kidogo, na jua si kali mno. Kidogo, nimesema. Chandarua na dawa ya mbu ni lazima.

Saa mbili za kutembea asubuhi zinamtosha mtoto wa miaka minane. Njia ni tambarare, hakuna kilima cha kupanda, taabu ni joto na miiba. Kina mama wanaovaa buibui wajue kwamba pindo refu litanaswa kila hatua kumi. Dera fupi kidogo juu ya suruali linasitiri na halisumbui. Viatu viwe vya kufunika vidole. Kandambili ziacheni Mokowe. Chukueni maji mengi kuliko mnavyodhani, tende, mahamri, na mkeka wa kukalia na kuswalia.

Na mto? Mto hautumiwi kuogelea wala kunawa miguu wala kuchotea kwa kikombe. Mna mamba, mna viboko, na mtoto wa pwani aliyezoea kujitosa majini bila kufikiri ndiye aliye hatarini zaidi. Semeni naye nyumbani kabla ya safari, kisha mshikeni mkono mnapokaribia ukingo. Wanyama hawalishwi hata ndizi moja: mbega hupata maradhi ya tumbo, na nyani akishajua mfuko wa mgeni una chakula hatausahau.

Jioni mkirudi kijijini, ombeni mzee awasemeshe watoto Kipokomo. Watashangaa ni maneno mangapi wanayaelewa, kwa kuwa lugha hii na Kiswahili ni jamaa wa karibu. Waambieni pia kwamba sauti ya wimbo wa taifa wanaouimba shuleni ilitokana na wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembeleza mwanawe. Na mkipita Witu, tuo dogo linafaa. Ni msitu wa pale uliompa hifadhi Ahmed Simba, Mnabahani aliyekimbia kutoka Pate, na watoro waliokataa utumwa, mpaka Waingereza walipouteketeza mji mwaka 1890.

Kwa wenye watoto wa chini ya miaka sita, au wazee wasiostahimili joto, nashauri wangojee safari ya Mombasa wapande hadi Shimba Hills, Kwale. Kule kuna hewa ya ubaridi, na askari wa KWS huwasindikiza wageni kwa miguu karibu kilomita mbili kushuka hadi maporomoko ya Sheldrick, maji yanayoanguka zaidi ya mita 20 katikati ya msitu. Kushuka ni rahisi. Kupanda wakati wa kurudi ndiko kunakotoa jasho, na mdogo atataka kubebwa. Palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, hapatikani hifadhi nyingine Kenya.

Kabla ya yote hayo, wajaribuni watoto hapa hapa Manda. Nendeni na maji yanayojaa kupitia kijito cha mikoko hadi magofu ya Takwa, mzunguke kati ya mibuyu na kuta za mji uliohamwa karne ya 17, na muangalie nani analalamika baada ya nusu saa. Nahodha atawaambia lini lazima mtoke, kwa sababu maji yakipwa boti hukaa matopeni hadi yajae tena.