TAI: ALIABUDIWA, AKAOGOPWA, LEO ANATEGEWA SUMU



Ndugu yangu wa Susuni, Tarime, Serengeti na popote unaposoma, ukimwona tai akizunguka angani, jua kwamba ndege huyu ana historia ndefu katika imani za watu.

Kiswahili chetu huwaita wote tai. Waarabu hutofautisha: anayewinda ni uqab, anayekula mizoga ni nasr. Shika jina hili la pili.

1. ALIABUDIWA
Katika Suratu Nuh, aya ya 23, Allah ametaja masanamu matano ya kaumu ya Nuh (A.S). La tano ni Nasr. Ibn Abbas (R.A), katika riwaya ya Bukhari, ameeleza kuwa hayo yalikuwa majina ya watu wema. Walipokufa, shetani akawashawishi watu wawawekee masanamu ya kumbukumbu. Elimu ilipopotea, yakaabudiwa. Baadaye Nasr akawa mungu wa Himyar, huko Yemen. Unaona? Shirki ilianza kwa heshima iliyovuka mpaka.

2. AKAOGOPWA
Waarabu wa Jahiliyya walimtimua ndege kabla ya safari. Akienda kulia wanasafiri, akienda kushoto wanarudi nyumbani. Mtume (S.A.W) akaibatilisha imani hiyo, iitwayo tiyara. Na sisi je? Bundi akilia juu ya paa, mtu anakwenda kwa mganga! Ndege hana habari ya ajali yako.

3. ANATEGEWA SUMU
Hapa ndipo penye mtihani wetu. Fisi au simba akiua ng'ombe, mfugaji mwenye hasira hutia sumu kwenye mzoga. Wanaokuja kwa wingi ni tai, na hufa makumi kwa siku moja. Majangili nao huwaua makusudi, kwa sababu tai wakizunguka juu huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali mnyama alipouawa.

Tai ana kazi. Nyumbu wanaokufa maji kwenye Mto Mara huliwa naye, na tumbo lake huua vijidudu vya kimeta. India ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya tai wake kuanzia miaka ya 1990, kwa sababu ya diclofenac, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikawa tishio kubwa zaidi kwa watu.

Ndugu mfugaji, uchungu wa ng'ombe wako ni wa haki. Imarisha boma na utoe taarifa kwa afisa wanyamapori. Lakini sumu haichagui: leo tai, kesho mbwa wako, keshokutwa mtoto.

Suratul An'aam, aya ya 38, inatufundisha kuwa ndege ni umma kama sisi. Basi tusimwabudu tai, tusimwogope, wala tusimdhulumu. Mwanamke mmoja aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia akafa njaa. Je, anayeua kundi zima kwa sumu?

Allah atujaalie tauhidi safi na huruma kwa viumbe Wake. Aamin.

Mfikishie na mfugaji mwenzako.