Karate na Ile Iitwayo "Ki": Nguvu Zatoka Wapi?

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye nguvu zisizokwisha. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri alinijia mzee mmoja amemshika mwanawe. Kijana mwenyewe ni wa miaka kumi na saba hivi, na mkono wake wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Mzee akasema kwa hasira, "Sheikh, nipe fatwa. Hii karate ni haramu au si haramu? Wasema ina mashetani ndani yake." Nikamwuliza kijana yaliyompata. Akanieleza kuwa amejifunza mchezo huo miezi mitatu, na mwenziwe mmoja alimwambia kwamba ndani ya tumbo la kila mtu, chini ya kitovu, mna nguvu ya siri iitwayo ki. Mtu akivuta pumzi sawasawa na kuipeleka nguvu hiyo mkononi, tofali halimdhuru. Naye akaamini, akalipiga tofali. Tofali lilibaki zima, ukavunjika mfupa wa kiganja.

Sikumpa mzee fatwa siku ile. Nilimwomba muda nikasome, kwani si haki mtu kukihukumu asichokijua. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata, na nayaandika kwa faida ya wazee na vijana wote wawili.

ASILI YAKE

Karate haikutoka katika hekalu, wala haikuteremshwa na mizimu. Ilitoka katika kisiwa cha Okinawa, kilicho kikubwa katika visiwa vya Ryukyu, baina ya Japani na Taiwan. Zamani visiwa hivyo vilikuwa na mfalme wao, na watu wake walikuwa mabaharia na wafanya biashara, wakienda na kurudi Uchina, hasa katika bandari ya Fuzhou. Mwaka 1609 watawala wa Satsuma kutoka Japani waliwavamia, na mwaka 1879 serikali ya Japani ikauondoa kabisa ufalme wao na kuvifanya visiwa vyao mkoa wa Japani.

Wenyeji wa kisiwa hicho walikuwa na mchezo wao wa kupigana bila ya silaha, wakiuita "te", yaani mkono. Mchezo huo ukachanganyika na mafunzo waliyoyapata Uchina, hata ukaitwa "mkono wa Kichina". Kwa muda mrefu ulifundishwa kwa siri, mwalimu na wanafunzi wachache usiku uani. Aliyeutoa uani na kuutia darasani ni Itosu Anko (1831-1915). Mwaka 1901 uliingizwa katika skuli ya watoto mjini Shuri, na mwaka 1908 akawaandikia wakubwa wa elimu barua yenye mashauri kumi. Jambo alilolitanguliza katika barua ile ni kwamba karate haikutokana na dini ya Kibudha wala mafundisho ya Confucius. Natamani kila mzazi mwenye wasiwasi alijue neno hili, maana limesemwa na mwenye mchezo mwenyewe.

Mwanafunzi wake mmoja, Funakoshi Gichin (1868-1957), naye alikuwa mwalimu wa skuli. Mwaka 1922 alikwenda Tokyo kuuonyesha mchezo huu katika maonyesho ya mazoezi ya mwili, na Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka 1882, akamwalika auonyeshe pia katika chuo chake. Kutoka kwenye judo ndiko karate ilikopata mavazi yake meupe na mishipi ya rangi. Baadaye hata jina likabadilishwa. Neno "kara" laweza kuandikwa kwa herufi yenye maana ya Uchina, au kwa herufi nyingine yenye maana ya tupu. Mwaka 1936 walimu walikutana Naha wakakubaliana juu ya hiyo ya pili, na tangu hapo karate ikawa ni "mkono mtupu". Funakoshi alikuwa akiwasisitizia wanafunzi wake kwamba mwenye karate haanzi yeye kupiga.

Basi hii ndiyo tarehe yake: mchezo wa wenyeji, uliochanganyika na wa majirani, ukatengenezwa na walimu wa skuli. Baada ya vita vikuu vya pili askari wa Kimarekani waliokaa Okinawa waliuchukua kwao, na filamu za miaka ya 1970 zikaufikisha mpaka mitaani kwetu.

NGUMI YAFANYAJE KAZI

Kijana aonapo mtu akivunja mbao kwa kiganja hustaajabu, na penye kustaajabu ndipo uongo upatapo mlango. Lakini wataalamu wamekwisha kulipima jambo hili. Mwaka 1979 wanafizikia watatu wa Marekani waliandika matokeo ya uchunguzi wao. Mmoja wao alikuwa Ronald McNair, mtu mweusi kutoka jimbo la South Carolina, mwenye mshipi mweusi wa karate, ambaye baadaye alikuwa mwanaanga akafa katika chombo cha Challenger tarehe 28 Januari 1986. Waliona kuwa mkono wa mwenye mazoezi hufikia mwendo wa mita 10 mpaka 14 kwa sekunde, na kishindo chake huzidi nyutoni 3,000, sawa na uzito wa kilo 300 na kitu. Tena waliona kuwa mfupa wa binadamu, ukipangwa sawa na kupigishwa sawa, ni imara kuliko saruji.

Nguvu hizo hazitoki mkononi peke yake. Huanza miguuni kwenye ardhi, zikapanda nyongani, kiuno kikazunguka, bega likafuata, na ngumi ikafika mwisho kama ncha ya mjeledi. Mpigaji hulenga nyuma ya mbao, si juu ya uso wake, ili mkono usipunguze mwendo kabla ya kufika. Pumzi hutolewa kwa ukelele wakati wa kupiga, na misuli ya tumbo ikakaza. Na mbao zenyewe huchaguliwa kavu, zikapigwa kwa kufuata nyuzi zake, si kwa kuzikata. Seremala yeyote aijua siri hiyo.

Mwaka 2012 wataalamu wa chuo cha Imperial College cha London waliwalinganisha wenye mishipi meusi kumi na wawili na watu wengine kumi na wawili wenye afya na mazoezi mfano wao, lakini wasiojua karate. Wenye karate walipiga kwa nguvu zaidi, ingawa misuli yao haikuwa na nguvu zaidi. Tofauti ilikuwa ni katika kuviendesha viungo kwa wakati wake, na athari yake ilionekana katika ubongo. Itosu katika barua yake alitaka mwanafunzi aupige ubao wa mazoezi mara mia moja mpaka mia mbili kwa kila mkono. Huyu kijana wetu alitaka kufika kwa miezi mitatu na maneno ya rafiki mahali wenzake walipofika kwa miaka na jasho.

HABARI YA "KI"

Neno hili Wachina hulitamka "qi", na asili ya maana yake ni pumzi, hewa, mvuke. Wahenga wao walilitumia kueleza uhai, hali ya hewa, maradhi na hata tabia. Mwalimu akimwambia mwanafunzi "shusha ki yako tumboni", mara nyingi makusudio yake ni kwamba ashushe mabega, apumue kwa tumbo, asimame imara. Hilo ni somo jema, wala halina neno. Ubaya huanza pale lugha ya mafunzo inapogeuzwa itikadi. Mtu akaamini kuwa ndani yake mna nguvu inayojitegemea, inayopiga pasipo mkono, na kukinga pasipo ngao.

Walikuwako na wangali wako watu wanaodai kuwaangusha wengine bila ya kuwagusa. Mwaka 2006 huko Japani mzee mmoja mwenye madai hayo, ambaye wanafunzi wake walikuwa wakianguka kila apungapo mkono, alikubali kupambana na mpiganaji asiyekuwa mwanafunzi wake. Akapunga mkono, yule hakuanguka. Akapigwa mpaka pambano likasimamishwa. Sikumtaja kwa kumcheka. Nadhani mzee yule alijiamini kwa dhati. Wanafunzi wake walimdanganya kwa heshima yao, naye akadanganyika. Na huu ni msiba uwezao kumpata mwalimu yeyote, hata wa madrasa.

Lakini kuna msiba mkubwa kuliko huo. Katika miaka ya 1899 na 1900 walitokea huko Uchina, katika jimbo la Shandong, vijana wakulima walioitwa na Wazungu "Mabondia". Nchi yao ilikuwa imeingiliwa na wageni kila upande, na njaa imewashika. Waliamini kuwa kwa mazoezi yao, na kwa kupandwa na mizimu, risasi haziwaingii. Waliwazingira mabalozi wa kigeni mjini Beijing kuanzia tarehe 20 Juni mpaka tarehe 14 Agosti 1900. Majeshi ya mataifa manane yakaja. Risasi ziliwaingia. Mwaka 1901 Uchina ikalipishwa faini ya tael milioni 450 za fedha.

Na sisi tusijione mbali. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1905, ndugu zetu wa kusini ya Tanganyika waliinuka dhidi ya Wadachi waliokuwa wakiwalimisha pamba kwa viboko. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa maji, wakaamini kuwa risasi zitageuka maji. Huko Mahenge, mwezi wa Agosti mwaka ule, waliiendea bunduki ya mtombo kifua wazi. Mpaka vita vilipokwisha mwaka 1907 walikuwa wamekufa watu wengi mno, wengi wao kwa njaa baada ya Wadachi kuchoma mashamba na vyakula. Makisio ya chini ni 75,000, na wako wanaotaja mpaka 300,000. Dhulma waliyofanyiwa ilikuwa ya kweli, na ushujaa wao ulikuwa wa kweli. Kinga waliyopewa ndiyo iliyokuwa ya uongo.

MAFUNDISHO YA MTUME S.A.W.

Tazama sasa siku ya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra. Ikiwa yuko kiumbe aliyestahiki kukingwa na silaha bila ya sababu yoyote, basi ni Mtume wetu s.a.w. Naye, kama alivyopokea Abu Daud, siku hiyo alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine. Na pamoja na hizo deraya alijeruhiwa uso, na jino lake likavunjika, na damu ikamtoka. Hakuna hoja kubwa kuliko hii juu ya mtu adaiye kwamba chuma hakimwingii.

Na siku ya Badri alichukua gao la mchanga akawatupia maadui. Katika Suratul Anfal, aya ya 17, Mwenyezi Mungu amembainishia kuwa si yeye aliyetupa alipotupa, bali ni Mwenyezi Mungu aliyetupa. Wanavyuoni wametwambia: mkono ulitupa kweli, na Mwenyezi Mungu ndiye aliyefikisha. Hapo zimekutana sababu na tawhid mahali pamoja. Mkono una kazi yake, ila hauna nguvu ya kwake wenyewe.

Wala dini haikuchukia nguvu za mwili. Imam Muslim amepokea kuwa Muumini mwenye nguvu apendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko dhaifu, na kila mmoja ana kheri yake. Imepokewa pia kuwa Mtume alishindana mieleka na Rukana akamwangusha, ingawa Tirmidhi ameitia ila sanadi yake. Wachina Waislamu, wale waitwao Hui, ni mashuhuri kwa michezo hii. Wang Ziping (1881-1973) wa Cangzhou alikuwa Mwislamu, na alikuwa miongoni mwa walimu wakubwa wa chuo cha taifa kilichoanzishwa Nanjing mwaka 1928.

JAWABU

Walipokuja tena nilimjibu mzee hivi. Mazoezi yenyewe ni halali, na mtu akinuia kujilinda na kuilinda afya yake ana malipo. Mipaka yake ni minne. Asiinamie picha ya mtu wala sanamu kwa namna ya kuabudu, na akiona shaka aiache. Asimpige mwenziwe usoni, maana hilo Mtume amelikataza. Mchezo usimpitishe wakati wa sala. Na asiitakidi kuwa pumzi, tumbo au mkono una nguvu pasipo Mwenyezi Mungu.

Mzee akafurahi kwa lile la mwisho. "Umesikia?" akamwambia mwanawe. "Hiyo ki yenu ni shirki." Alipounyosha mkono wake kumwonyesha kidole, kanzu ilipanda, nami nikaona hirizi nyeusi juu ya kiwiko. Kijana naye aliiona, akatazama chini.

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamwuliza mzee ile ni ya nini. Akasema ni ya kukinga husuda na kisu, alivishwa na marehemu baba yake. Nikamwambia kuwa mimi pia nilivishwa nilipokuwa mdogo, na niliitoa nikiwa mtu mzima, wala haikuwa rahisi kuitoa. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya hirizi yenye aya za Qur'ani tupu, lakini hawakuhitilafiana juu ya mwenye kuitakidi kuwa kipande cha ngozi chamzuilia kisu. Imani ya mwanawe na imani yake zilikuwa ni moja. Moja imekaa tumboni na nyingine mkononi.

Mzee hakuitoa mbele yangu, nami sikumwamrisha. Aliishusha kanzu yake, akasema, "Sheikh, nitafikiri." Kijana bado yuaendelea na mazoezi. Mfupa umeunga, na mwalimu wake amemrudisha kwenye kusimama na kupumua kama mwanagenzi.

Enyi vijana, fanyeni mazoezi. Enyi wazee, msiwafokee wana wenu kwa jambo ambalo nyinyi wenyewe mmelifunga mkononi. Mtume s.a.w. ametufundisha kuwa mwenye nguvu si yule awaangushaye watu, bali ni yule aimilikiye nafsi yake anapokasirika. Nguvu hiyo haihitaji tofali ili ijulikane, na kila mtu anajua nyumbani kwake kama anayo au hana.

Wabillahi ttawfiq.