Mzozo Juu ya Chembe ya Chumvi

Wanasayansi wetu hulitumia neno fuwele kwa maana ya kitu kigumu ambacho atomu zake zimejipanga kwa utaratibu mmoja unaojirudia pande zote. Maana hii ni changa. Kwa karne nyingi fuwele ilitambulikana kwa umbo lake la nje tu: nyuso bapa, kingo zilizonyooka. Mnamo 1669 Nicolaus Steno alionyesha kwamba katika fuwele za kwatzi, ziwe nene au nyembamba, pembe baina ya nyuso zinazolingana hazibadiliki. Kwa nini iwe hivyo? Kasisi wa Kifaransa René-Just Haüy alijibu mwaka 1784 kuwa fuwele hujengwa kwa vijitofali visivyoonekana, vyote vya umbo moja, kama ukuta ujengwavyo.

Hesabu ilitangulia ushahidi. Kufikia 1891 Fedorov wa Urusi na Schoenflies wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wamethibitisha kwamba mipangilio ya namna hiyo haizidi aina 230. Kabla yao, mwaka 1883, Mwingereza William Barlow alikwisha kubuni mpangilio uliokuja kugunduliwa kuwa ndio wa chumvi, ila hakuwa na namna ya kuuthibitisha.

Njia ilipatikana Munich mwaka 1912. Kwa kufuata wazo la Max von Laue, Friedrich na Knipping walipitisha eksirei katika fuwele ya salfeti ya shaba, nayo madoa yenye mpango yakajitokeza kwenye bamba la picha. Mwaka uliofuata kijana W. L. Bragg aliichunguza chumvi kwa njia hiyo. Aliona kwamba kila atomu ya sodiamu imezungukwa na sita za klorini, na kila ya klorini imezungukwa na sita za sodiamu.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi. Ikiwa sodiamu ina majirani sita walio sawa, ni yupi kati yao aliye mwenzake? Hakuna. Basi ile molekuli ya chumvi, jozi ya sodiamu moja na klorini moja iliyofundishwa madarasani, haimo katika punje ya chumvi hata kidogo. Mwaka 1927 mwanakemia mkongwe Henry Armstrong aliandika katika jarida la *Nature* akilikejeli jambo hili, kana kwamba atomu zimegeuzwa kete za sataranji.

Si haki kumcheka mzee huyu. Alikuwa ameutumia umri wake wote katika elimu iliyojengwa juu ya molekuli, na elimu hiyo haikuwa ya uongo: maji yana molekuli, sukari pia. Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa la lugha zaidi kuliko la kemia. Alama NaCl hueleza uwiano, moja kwa moja. Yeye aliisoma kama jina la kitu. Kitabu chochote cha shule kinachotaja “molekuli moja ya chumvi” ya mezani hurudia usomaji huohuo.

Hata hivyo, chumvi ikichemshwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,400 za Selsiasi hadi ikawa mvuke, jozi alizozitetea Armstrong huonekana humo kweli.