Juu ya Wanyama Wakubwa wa Tsavo na Hasara Isiyoandikwa



Katika kitabu cha taarifa kama hiki msomaji hutazamia kuona hesabu: ada iliyoingia, msaada uliotolewa, na salio lililobaki. Nasi twaleta hesabu, lakini ni ya namna nyingine. Ni hesabu ya watu walioumizwa na mashamba yaliyoharibiwa na wanyama wakubwa katika nchi ya Taita na nyika ya Tsavo, nayo ina kasoro moja kubwa: kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyeiandika. Twasimulia habari hizo hapa ili sote tujifunze jambo moja, ya kuwa hasara isiyoandikwa haina mlipaji.

Zamani kulinda shamba kulikuwa kazi ya jamii nzima. Nafaka ilipoanza kukomaa, watu walijenga dungu, na vijana wakakesha juu yake wakipiga kelele, wakirusha mawe kwa kombeo na kutupa vijinga vya moto. Tena huko nyikani walikuwapo Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, mabingwa wa kuwinda ndovu kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu. Hatusemi ya kuwa siku hizo hapakuwa na njaa wala machozi. Lakini mtu hakuwa na haja ya kuomba ruhusa kwa mtu wa mbali ili amfukuze mnyama shambani mwake.

Mwaka 1898 ujenzi wa reli iliyotoka Mombasa ulifika mto Tsavo, na kazi ya daraja ikaanza. Kwa muda wa miezi mingi simba wawili madume waliingia kambini usiku na kuwatoa watu hemani. Maboma ya miiba yalijengwa, mioto ikawashwa, lakini havikufaa kitu. Kazi yenyewe ikasimama kwa muda. Mwishowe msimamizi wa daraja, J. H. Patterson, alimwua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba. Habari hiyo yajulikana dunia nzima, na simba hao, ambao Patterson aliziuza ngozi zao mwaka 1924, wako hata leo katika jumba la makumbusho la Field Museum mjini Chicago.

Lakini na tuulize: ni watu wangapi waliouawa? Kwa Wahindi wa reli hesabu iliandikwa, nayo ni watu 28. Kwa Waafrika, Patterson mwenyewe alieleza katika kitabu chake ya kuwa Serikali haikuweka daftari. Baadaye alitaja jumla ya watu 135. Mwaka 2009, yaani baada ya miaka 111, wataalamu walipima nywele na mifupa ya simba wale ili wakadirie walikula watu wangapi, wakapata kiasi cha 35. Tazameni jambo hili, wazee wetu. Mnyama ametunzwa vizuri, na majina ya wengi walioliwa hayajulikani; ikabidi simba ndiye aulizwe.

Reli ilipokwisha kupita, sheria nazo zikaingia. Utawala wa Kiingereza ulikataza kuwinda bila leseni, na desturi ya uwindaji ya wenyeji ikahesabiwa kuwa kosa. Mwaka 1948 ikatengwa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, yenye zaidi ya kilomita za mraba 20,000, ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Milima ya Taita ikabaki katikati kama kisiwa. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita na Taveta imo ndani ya hifadhi. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya huru ikapiga marufuku uwindaji. Hivyo mnyama akawa mali ya taifa, lakini shamba aliloliingia likabaki mali ya mkulima, na hasara pia.

Wala hatuwaonei ndovu wivu, kwani nao wamepata mashaka. Ukame wa 1970 na 1971 uliwaua kiasi cha 6,000 katika Tsavo, kisha majangili wakaua wengine wengi, hata walipohesabiwa mwaka 1988 walikuwa wamebaki zaidi kidogo ya 5,000 tu katika Tsavo na nyika iliyoizunguka. Mwaka 1989 mataifa yalipatana kukataza biashara ya pembe, na idadi ikaanza kupanda. Hesabu ya 2021 ilipata ndovu 14,964. Hiyo ni neema kwa nchi, nasi twaifurahia. Lakini ndovu huhesabiwa kwa ndege, kundi kwa kundi; je, mahindi waliyoyala usiku mmoja nani ayahesabu?

Sheria ya 1976 ilikubali kulipa fidia ya watu na ya mali. Mwaka 1989, katika sheria ileile iliyoliunda Shirika la Wanyamapori, yaani K.W.S., fidia ya mazao na mifugo iliondolewa. Kwa miaka zaidi ya ishirini mkulima aliyeliwa shamba lake hakuwa na dai lo lote mbele ya sheria. Sheria ya 2013 ndiyo iliyolirudisha dai hilo, pamoja na kuweka shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa kilema cha kudumu, na hata milioni 2 kwa majeraha mengine. Kamati za kaunti zikapewa kazi ya kuyapima madai. Malipo yamekawia sana, na wengi wamengoja kwa miaka. Lakini yapasa kila mwanachama ajue sharti moja la sheria hiyo: mwenye mazao asiyechukua hatua za kutosha kuyalinda hawezi kulipwa. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Nimeliwa." Lazima uonyeshe ya kuwa ulilinda.

Katika kulinda, Sagalla wametupa mfano mwema. Mtaalamu Lucy King, baada ya majaribio ya Laikipia, alishirikiana na wakulima wa huko kutengeneza ua wa mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba, ikiungwa kwa waya, kila mmoja mita 10 kutoka mwenziwe. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Naye huwachukia nyuki, kwa maana humwuma machoni na ndani ya mkonga. Katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2017, wanane hivi katika kila ndovu kumi waliozikaribia nyua hizo walizuiwa wasiingie. Tena mkulima hupata asali ya kuuza. Kazi haikosi taabu, maana wakati wa kiangazi nyuki huweza kuhama. Lakini ni ulinzi usiomwua mnyama wala kumtia mtu hatarini.

Basi twawasihi wanachama wote wawe na daftari nyumbani. Mnyama akiingia, ziandikwe tarehe na saa, aina ya mnyama na idadi yao, zao lililoharibiwa na ukubwa wa sehemu hiyo, na majina ya majirani walioshuhudia. Ipigwe picha ya nyayo kabla ya mvua kuzifuta. Iandikwe pia ulilinda kwa njia gani: dungu, ua, moto, au mizinga. Habari ipelekwe upesi kwa chifu na kwa maofisa wa wanyamapori, na nakala ya kila karatasi ibaki mikononi mwako. Asiyejua kuandika, mtoto wa shule amwandikie, si aibu.

Wazee wetu walikesha dunguni ili nafaka isipotee. Waliouawa Tsavo mwaka 1898 hatuwezi tena kuwapa majina yao. Lakini watakaotufuata wasilazimike kutafuta habari zetu katika mifupa ya wanyama. Na wazikute zimeandikwa kwa mikono yetu wenyewe.